Mwongozo kamili wa kustaafu: fanya mazoezi kabla mshahara haujakatika

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote linaanza hivi: "Mkupuo uliingia, mwaka haujaisha, na sioni ulikokwenda." Mkupuo ni ile sehemu ya mafao mstaafu anayolipwa kwa mara moja. Swali la pili hutoka kwa wake za wastaafu: "Mzee hatoki nyumbani, hasemi, na akisema anagomba." Kwa muda mrefu niliyajibu kama maswali mawili. Ni moja. Watu wanahudhuria semina za kustaafu, kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, wanakijua kwa kichwa, lakini siku mshahara unapokatika ndiyo siku yao ya kwanza maishani kuishi bila mshahara na bila kazi. Hawakuwahi kujaribu hata mwezi mmoja.

Mwongozo huu ni wa kujaribu mapema. Nimemlenga mtumishi wa umma wa Tanzania aliye chini ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, aliyebakiza miaka mitano au pungufu kufikia 60, au anayefikiria kuondoka kwa hiari akifika 55. Uliye NSSF, mfuko wa sekta binafsi, utaufuata vilevile. Msomaji wa Kenya, Uganda au Burundi abadilishe majina ya mifuko na viwango vya hesabu, mengine ayachukue yalivyo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya daraja ulilonalo sasa.
- Hati za mshahara za miaka mitatu ya karibuni.
- Taarifa ya michango yako. Unaipata ofisi ya PSSSF au kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani.
- Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Orodha ya madeni yote: benki, SACCOS, VICOBA, duka la Mangi, na yale ya kausha damu (mikopo ya mtaani yenye riba kubwa) ambayo mwenza wako hayajui.
- Kaunta buku moja mpya. Usitumie karatasi moja moja, zinapotea.
- Likizo moja nzima ya siku 28 ambayo hujaipangia kitu.
- Mwenza wako. Bila yeye, kuanzia hatua ya nne unajidanganya.

## Hatua ya 1: Hakiki jina, tarehe na miezi

Anza hapa, na anza miaka mitano kabla, kwa sababu kosa la karatasi halirekebishwi kwa wiki moja.

Weka barua ya ajira, NIDA na taarifa ya michango mezani, pamoja. Soma jina herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohamedi" kwenye mfumo ni watu wawili. Mwanamke aliyeajiriwa kwa jina la baba yake kisha akaanza kutumia la mume aangalie mara mbili. Tarehe ya kuzaliwa inayotazamwa ni ile uliyoiandika ulipoajiriwa mara ya kwanza, kwa hiyo usijipe matumaini na kiapo kipya cha mahakamani cha kujipunguzia umri.

Baada ya hapo hesabu miezi ya michango. Pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180, yaani miaka 15. Tafuta mapengo: mwaka uliohamishwa halmashauri, kipindi ulichokwenda masomoni, au miezi mwajiri alikata kwenye mshahara wako asiwasilishe. Ugonjwa huu wa mwisho uko zaidi kwa walio NSSF kwenye kampuni binafsi. Mwajiri akishafunga ofisi, kumdai ni kazi nyingine kabisa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na taarifa ya michango isiyo na pengo, na nyaraka zote zina jina moja na tarehe moja. "Tumelipokea, linashughulikiwa" si kukamilika. Andika kwenye kaunta buku jina la ofisa, tarehe, na siku utakayorudi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe

Wengi wanajua jumla ya mkupuo ya mwenzao aliyestaafu mwaka jana na hawajui ya kwao. Kaa chini upige hivi.

Chukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Zidisha kwa miezi uliyochangia, kisha gawanya kwa 580. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Tangu Julai 2024, waliotoka mifuko ya zamani iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50 (PSPF na LAPF) wanapata asilimia 40 kwa mkupuo, na waliokuwa kundi la asilimia 25 wanapata asilimia 35. Sehemu ya mkupuo inazidishwa kwa 12.5. Inayobaki inagawanywa kwa 12, nayo ndiyo utakayoipokea kila mwezi.

Tuchukue mwalimu wa sekondari mwenye wastani wa Sh1,200,000 kwa mwezi, sawa na Sh14,400,000 kwa mwaka, aliyechangia miezi 360, kundi la asilimia 40:

- Pensheni kamili ya mwaka: 14,400,000 × 360 ÷ 580 = Sh8,937,931
- Mkupuo: 8,937,931 × 40% × 12.5 = Sh44,689,655
- Kila mwezi: 8,937,931 × 60% ÷ 12 = Sh446,897

Sasa tazama ile 12.5, kwa sababu watu huipita wakikimbilia jibu. Mkupuo ni pensheni yako mwenyewe ya miaka 12 na nusu uliyoichukua mapema. Kwa mwalimu wetu, asilimia 40 aliyoiachia ingemletea kama Sh298,000 kila mwezi. Kwa hiyo huu si ushindi wa bahati nasibu. Ni mshahara wa mbele.

Hapo tunapata rula ya kupimia kila wazo utakaloletewa: 1 ikigawanywa kwa 12.5 ni asilimia 8. Fedha ya mkupuo utakayoiweka mahali ikakuletea chini ya asilimia 8 kwa mwaka, baada ya gharama zote, inaingiza kidogo kuliko pensheni uliyoiachia. Iandike asilimia 8 kwenye jalada la kaunta buku. Tutairudia.

Hesabu hii ni ya makadirio. Ya mwisho inatoka kwenye mfuko, na daraja ulilochelewa kupandishwa linaweza kuibadilisha. Lakini ukishaweza kutaja namba mbili bila kufungua daftari, ya mkupuo na ya mwezi, songa mbele. Ya mwezi ndiyo muhimu zaidi.

## Hatua ya 3: Maliza madeni kwa mshahara, si kwa mkupuo

Linganisha namba ya mwezi na unachopokea leo. Mwenye mshahara wa Sh1,200,000, baada ya kodi, mchango wa PSSSF na wa NHIF (bima ya afya), anabaki na kama Sh930,000 kabla ya mikopo. Akishakopa benki, wengi hushuka mpaka ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria hairuhusu makato kuivuka.

Hapo kuna habari njema iliyojificha: mtumishi mwenye mkopo mkubwa tayari anaishi kwa kiasi kinachofanana na pensheni. Kinachomwangusha ni tabia ya kuongeza mkopo juu ya mkopo kila nafasi inapopatikana, mpaka mwezi wa mwisho wa ajira.

Weka tarehe ya mkopo wa mwisho. Miaka mitatu kabla ya kustaafu, funga mlango: hakuna kuongeza, hakuna kumdhamini mtu SACCOS. Kumdhamini kijana wa ofisini ukiwa umebakiza miaka miwili ni kukopa kwa jina lingine. Kausha damu ilipwe kwanza, hata kama ni ndogo, kwa sababu riba yake ya mwezi inakula kuliko riba ya benki ya mwaka.

## Hatua ya 4: Ishi kwa pensheni kwa miezi sita ukiwa bado kazini

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo niliyoandikia mwongozo huu.

Chagua miezi sita, angalau mwaka mmoja kabla ya kustaafu, madeni yakiwa yameisha au yamepungua sana. Mshahara ukiingia tu, hamisha ziada yote juu ya namba yako ya mwezi kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi. Mwalimu wetu anahamisha Sh483,000 na kubaki na Sh447,000. Usisubiri mwisho wa mwezi uhamishe kitakachobaki. Hakibaki.

Mwezi wa kwanza utakushinda. Ndiyo kazi yake. Andika kila kilichokushinda. Kwa kawaida orodha inafanana: mafuta ya gari, bando na vocha, ada ya mtoto wa ndugu, na kadi za michango ya harusi. Hizi kadi zinastahili maneno machache. Mtumishi yuko kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati tatu au nne kwa msimu, na kila kadi ina kiwango chake cha "single" na "double". Kwa mshahara mchango huo unauma, kwa pensheni hauwezekani. Amua mwenyewe: harusi za damu na za majirani wa karibu utachanga, nyingine utakwenda kanisani au msikitini, utapongeza, utarudi nyumbani. Ukianza ukiwa kazini watu watakuzoea. Ukianza baada ya mafao watasema umekuwa mchoyo baada ya kupata hela.

Mwezi wa tatu hivi, matumizi yanaanza kukaa. Unagundua gari linaweza kulala siku nne kwa wiki, na kwamba chakula si tatizo, tatizo ni dharura. Miezi sita ikitimia, akaunti ya pili ya mwalimu wetu itakuwa na karibu Sh2,900,000. Usiiguse. Ndiyo daraja lako la kuvukia kipindi ambacho mshahara umekatika na mafao hayajaingia, kipindi kinachowasukuma wengi kwa wakopeshaji.

Umefaulu kama miezi miwili mfululizo umemaliza bila kugusa akaunti ya pili. Ukishindwa kabisa, usikate tamaa. Umejua pengo lako ni shilingi ngapi kwa mwezi, na hilo ndilo pengo ambalo mkupuo utapaswa kuliziba.

## Hatua ya 5: Likizo ya majaribio

Fedha imefanyiwa mazoezi. Sasa moyo.

Chukua likizo ya siku 28 na usisafiri popote. Kaa nyumbani kama mstaafu: hakuna kupita ofisini "kuangalia barua", hakuna kujibu simu za kazi. Mwambie mwenza wako kabla kwamba ni jaribio, na mwombe akuambie ukweli mwishoni.

Siku za kwanza ni tamu. Wiki ya pili ndiyo ya kuangalia. Utaamka saa 11 alfajiri kama kawaida, utaoga, utanyoosha shati, halafu hujui linakwenda wapi. Mwanamume aliyezoea kuondoka asubuhi na kurudi jioni atajikuta jikoni anafunua masufuria na kuuliza mbona mafuta yanaisha haraka. Hiyo nyumba ina mfumo wake uliojiendesha miaka 30 bila yeye saa za mchana. Anaingia kama mkaguzi na hakuna aliyemwita. Ugomvi wa wastaafu wengi na wake zao unaanzia pale, kwenye sufuria.

Kwa mwanamke ni kinyume chake. Muuguzi akistaafu, wiki haiishi kabla wajukuu hawajaletwa na begi la nguo. "Bibi yupo nyumbani." Hakuna aliyemuuliza. Kama unapenda kulea, lea. Lakini sema siku na saa mapema, na sema pia nani ananunua maziwa. Ulezi wa wajukuu wanne bila mpangilio ni kazi ya kutwa isiyo na mshahara wala likizo.

Kila jioni ya likizo hiyo andika mambo matatu: nani nimezungumza naye leo ambaye si wa nyumba hii, nimefanya nini kilichomfaa mtu, na mwili umefanya kazi gani. Ukiona siku tano mfululizo safu ya kwanza iko tupu, umelipata tatizo lako kabla halijakupata. Marafiki wa ofisini ni wa ofisi. Ukiondoka hawakuchukii, ila wana kazi. Simu zitapungua, na heshima ya "mkuu" au "afisa" itahamia kwa atakayekaa kwenye kiti chako ndani ya wiki. Afadhali kulijua hilo kwenye likizo kuliko kulikuta Jumatatu baada ya sherehe ya kuagwa, zawadi ya friji ikiwa bado ndani ya boksi.

Kwa hiyo, kabla hujastaafu, jiunge na vitu viwili ambavyo watu watakuulizia usipotokea: kwaya, kamati ya msikiti, klabu ya jogging ya mtaa, bodi ya shule, chama cha ushirika, hata kijiwe cha bao na kahawa chenye watu wake wa kudumu. Viwili, kwa sababu kimoja kikivunjika usirudi sifuri. Na kimoja kati ya hivyo uwe mwanachama wa kawaida, bila cheo. Mkuu wa shule anayejifunza kupiga kinanda akiwa wa mwisho darasani anafanya mazoezi ya maana kuliko anayekimbilia uenyekiti mwingine.

Onyo: kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, pombe kuanza asubuhi, au kutotaka kuonana na mtu yeyote si "uzee". Nenda hospitali useme hivyo hivyo ulivyo.

## Hatua ya 6: Amua utaishi wapi, kwa kujaribu

Ndoto ya kurudi kijijini ni nzuri, lakini wengi huipima Desemba, wakati ndugu wote wamerudi na kila nyumba inachinja. Nenda Machi au Aprili, mvua za masika zikiwa zimekamata barabara, kijiji kimebaki na wenyewe. Kaa wiki mbili. Angalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, bodaboda anafika saa ngapi ukimwita usiku, na kituo cha afya kilicho karibu kama kina dawa unazotumia za presha au sukari.

Matibabu yanapewa uzito wa kwanza. Mtumishi aliyestaafu kwa umri akiwa mwanachama mchangiaji wa NHIF huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Watoto hawamo, hivyo aliye na mtoto anayesoma apange bima yake kando. Nenda ofisi ya NHIF ukiwa bado kazini, uulize taratibu za kadi ya mstaafu na vituo vinavyopokea kadi hiyo unakokwenda kuishi.

Mwenza hataki kijiji? Basi bado hamjaamua. Msijenge.

## Hatua ya 7: Biashara ianze kwa hela ya mshahara

Kama una wazo la biashara, lianzishe miaka miwili kabla, kwa kiwango kidogo, kwa fedha ya mshahara. Kuku 50, si 1,000. Robo eka ya tikiti, si eka tano. Sababu ni kwamba fedha ya mshahara inauma na mtu huiangalia. Ya mkupuo ni nyingi mno kuonekana ikivuja.

Kilimo cha simu usikiguse. Unajua kinavyokwenda: uko mjini, kijana yuko shambani, anapiga simu kwamba dawa imeisha, kisha pampu imeharibika, kisha mvua imezidi, na siku ya kuvuna bei imeshuka. Wala si lazima awe mwizi. Shamba lisilo na mwenyewe hufa tu.

Nyumba za kupangisha ndizo zinazopendwa kuliko zote, basi tuzipime kwa rula yetu. Umejenga kwa Sh30,000,000, inakuingizia Sh150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,800,000, sawa na asilimia 6, kabla ya kupaka rangi, kabla ya mpangaji aliyehama na deni la miezi miwili. Iko chini ya 8. Inaweza kuwa na faida nyingine, kiwanja hupanda thamani na watoto watarithi, lakini kama unachohitaji ni hela ya matumizi kila mwezi, nyumba hiyo haikutoshi.

Biashara imefaulu jaribio kama imejilipa yenyewe mwaka mzima bila kuongezewa hela kutoka mfukoni. La sivyo, ilikuwa burudani. Burudani ni nzuri, ila isipewe mkupuo.

## Hatua ya 8: Gawa mkupuo kwenye karatasi, kisha uweke eda

Mkupuo ugawanywe miezi kabla ya kuingia, wewe na mwenza mkiwa mmekaa, mkatia sahihi kwenye kaunta buku. Mfano wa mwalimu wetu, asiye na deni:

- Kumalizia nyumba ya kuishi, kiwango cha mwisho: Sh8,000,000
- Kuwekeza kwa mapato ya kudumu: Sh24,000,000
- Biashara iliyokwisha kujaribiwa: Sh7,000,000
- Dharura, juu ya ile ya hatua ya nne: Sh3,000,000
- Shukrani na furaha, hija, safari, ng'ombe wa sherehe: Sh2,690,000

Fungu la mwisho usilifute. Asiyejipangia furaha huichukua kwenye fungu la nyumba.

Kisha eda. Mkupuo ukiingia, usifanye uamuzi wowote mkubwa kwa miezi sita. Uweke kwenye akaunti ya muda maalumu au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kuutoa kwa siku chache za kazi, na uendelee kuishi kwa pensheni kama ulivyojizoesha. Eda ya mjane humpa muda wa kujua hali yake kabla hajaingia ndoa nyingine; fedha nayo ipewe huo muda. Katika miezi hiyo watakuja wote: wa viwanja, wa mabasi, wa madini, mpwa mwenye mpango. Jibu lako ni moja, "fedha imefungwa mpaka mwezi fulani." Wengi hawarudi.

Eda ikiisha, fungu la kuwekeza lina njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, kuanzia Sh1,000,000, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa atakayekufungulia akaunti ya CDS, ya kutunzia hatifungani zako. Riba inalipwa kila miezi sita. Ukipata ya asilimia 12, kwa mfano, Sh24,000,000 inaleta Sh1,440,000 kila nusu mwaka, wastani wa Sh240,000 kwa mwezi. Ongeza kwenye pensheni: karibu Sh687,000. Angalia miaka: hatifungani ya miaka 20 au 25 kwa mtu wa miaka 60 ni ya kula riba, mtaji wanaachiwa watoto. Unaweza kuiuza sokoni kabla ya muda, lakini bei ya siku hiyo yaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Njia ya pili ni Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, wenye mpango wa kulipa gawio kila mwezi, unaowafaa wasiotaka habari za minada. Viwango vyote viwili hupanda na kushuka. Uliza cha siku hiyo, ukipime kwa asilimia 8.

Anayekuahidi asilimia 8 kwa mwezi anakuibia.

## Hatua ya 9: Kikao cha nyumbani na wosia

Mwenza ajue kila shilingi. Watoto wajue mpango, si jumla. Najua wapo wanaopinga, lakini mtoto wa miaka 28 asiye na kazi akisikia "milioni 44" haisikii ile pensheni ya Sh447,000 itakayofuata kwa miaka yote. Waambie: ada ya mdogo wenu imetengwa, nyumba inamalizwa, hakuna mtaji wa kugawa.

Wosia uandikwe, ushuhudiwe, na uhifadhiwe mahali panapojulikana. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea wosia kwa ajili ya kuutunza. Kwenye mfuko wako wa pensheni sasisha taarifa za wategemezi. Aliyeoa mara ya pili akaacha jina la mke wa kwanza peke yake kwenye fomu amewaachia watoto kesi.

## Hatua ya 10: Miezi sita ya mwisho na mwaka wa kwanza

Toa taarifa ya kustaafu kwa mwajiri miezi sita kabla, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Fuatilia barua ya kustaafu, jaza fomu za mafao, ambatanisha nyaraka za hatua ya kwanza. Namba ya akaunti ya benki andika kwa kuisoma kwenye kadi, si kwa kukumbuka.

Dai pia gharama za kusafirisha mizigo na familia yako kwenda nyumbani kwenu. Wengi husahau kuzidai kwa maandishi mapema, wanakuja kuzifuatilia wakiwa tayari wako mkoani, kwa nauli zao.

Kuanzia hapo simu zitaanza. "Natoka PSSSF, mafao yako yamekwama, tuma hela ya kufungulia faili." Atakuwa na jina lako kamili, mwajiri wako, pengine na tarehe yako ya kustaafu. Mfuko haudai malipo ili ukulipe. Kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako. Namba ya siri ya benki usimpe hata mwanao anayekusaidia simu.

Pensheni ikishaanza, weka kwenye kalenda tarehe za uhakiki wa wastaafu. Unahakikiwa ili mfuko ujue uko hai. Ukipitwa, malipo yanasimamishwa mpaka ujitokeze. Ukisafiri kwa mtoto Dodoma au Mwanza, uliza kama unaweza kuhakikiwa huko au kwa simu kabla hujaondoka.

Mwezi ambao pensheni haijaingia, usianze kwa jirani wala kwa kundi la WhatsApp la wastaafu. Angalia kwanza kama akaunti ya benki haijalala, kisha kama uhakiki haujakupita, kisha nenda ofisi ya mfuko iliyo karibu ukiwa na namba ya pensheni, NIDA na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Mara nyingi ni moja kati ya hayo mawili ya mwanzo, na linaisha siku hiyo hiyo.